Kundinyota, Fungunyota na Kilimia: Istilahi za Kueleza Kudumu kwa Mafungu ya Nyota za Kale

Makala hii inakusudia kueleza jambo moja la elimu ya nyota, na papo hapo kuzipima istilahi za Kiswahili zinazotumika, au zinazoweza kutumika, katika kulieleza. Jambo lenyewe ni hili: ndani ya galaksi yetu yamo mafungu ya nyota yaliyozaliwa yapata miaka bilioni 12 iliyopita na ambayo hata leo hayajatawanyika, ilhali mafungu mengine mengi mno, yaliyozaliwa wakati huo au baadaye sana, yamekwisha kusambaratika. Kwa nini hayo yamesalia na mengine yametoweka? Wataalamu wa nyota wana jibu, na jibu lao si gumu kufahamika. Lakini mfasiri anayetaka kulieleza kwa Kiswahili hujikuta amekwama katika maneno matano au sita, na akiteleza katika moja tu, maelezo yote huanguka. (Bilioni katika makala hii ni milioni elfu moja, wala si milioni ya milioni kama ilivyohesabiwa katika vitabu fulani vya zamani.)

Sina budi kukiri kwamba mmoja wa walioteleza ni mimi. Katika safari ya kikazi niliyoifanya Mpanda, mji mkuu wa Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mwalimu mmoja wa jiografia alinionyesha daftari la mwanafunzi wake. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba Orioni ni kundinyota lenye umri wa miaka bilioni 12, na kwamba nyota zake hazitawanyiki kwa sababu zimeshikwa na nguvu ya mvutano. Mwalimu alikuwa amemnyima alama, na mwanafunzi akaja na kijitabu mkononi kudai haki yake. Kijitabu kilisema hivyo hasa: ukurasa mmoja ulieleza kuwa Orioni ni kundinyota, na ukurasa wa pili yake ukaeleza kuwa makundinyota ya kale yana umri wa miaka bilioni 12 na yameshikamana kwa mvutano. Mtoto alikuwa amejumlisha mawili akapata jawabu. “Sasa ndugu yangu,” mwalimu aliniuliza, “hapa mwenye kosa ni nani?” Kijitabu hicho nilikitafsiri mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilimwambia hivyo, tukacheka, kisha tukakaa chini ya mwembe mpaka jioni tukizungumzia nyota. Sehemu kubwa ya makala hii imetokana na mazungumzo yale.

Kosa langu lilikuwa kutumia neno moja kwa dhana mbili. Lugha za Ulaya zina neno kwa nyota ambazo macho ya binadamu yameziunganisha yakafanya picha ya mwindaji, nge au simba. Na zina neno jingine kwa nyota zilizozaliwa pamoja, zinazokaa pamoja na kusafiri pamoja. Dhana ya kwanza ni ya mtazamaji, na ya pili ni ya nyota zenyewe. Orioni, ambayo wengine huiita Jabari, ni mfano wa ile ya kwanza. Nyota yake iitwayo Bellatrix iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 250 kutoka kwetu, na Rigel iko umbali unaozidi 800. Hazina ujirani wowote baina yao. Sisi ndio tunaoziona upande mmoja, kama vile mtu aliyesimama stesheni ya Mpanda anavyoweza kuona taa ya nyumba ya karibu na moto wa mlimani wa mbali zikiwa zimekaribiana.

Kwa dhana hiyo ya kwanza neno kundinyota limekwisha kuzoeleka, na sioni sababu ya kulisumbua. Kwa dhana ya pili limeanza kutumika, katika maandishi ya miaka ya karibuni, neno fungunyota. Naliunga mkono. Fungu ni vitu vilivyowekwa pamoja kwa sababu fulani: fungu la nyanya sokoni, fungu la fedha katika makadirio ya serikali, fungu la warithi. Kundi laweza kuwa la kubahatisha, lakini fungu lina kilichokusanya. Wako watakaosema kuwa tofauti hii ni nyembamba mno kwa mtoto wa shule. Huenda. Lakini ni afadhali tofauti nyembamba kuliko kutokuwapo tofauti yoyote, na daftari lile la Mpanda ni ushahidi wa kutosha.

Na fungunyota mojawapo Waswahili walilijua na kulipa jina kabla ya kuwapo darubini wala kamati ya istilahi. Nalo ni Kilimia. Neno hilo limo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, na asili yake ni kitenzi kulima. Halikuwa la pwani peke yake, kwani Wagikuyu wana neno linalofanana nalo sana, na Wazulu kule kusini husema isilimela kwa nyota hizo hizo, kutokana na mzizi ule ule. Kwa mkulima wa Katavi, ambako mvua huanza aghalabu mwezi wa Novemba na kwisha Aprili, maana ya jina hilo haihitaji maelezo. Mnamo Novemba Kilimia huchomoza mashariki mara giza linapoingia, wakati ule ule ambao jembe linatakiwa shambani. Jambo la kupendeza ni kwamba wazee walioziita nyota hizi kwa jina moja tu, katika umoja, walikuwa na haki kuliko walivyojua. Nyota za Kilimia ni ndugu wa kweli. Zinazoonekana kwa macho ni sita au saba, lakini zote pamoja zinazidi elfu moja. Zilitokana na wingu moja la gesi na vumbi, na zote zina umri wa takriban miaka milioni 100.

Miaka milioni 100 ni mingi kwetu, lakini kwa nyota ni utoto. Mijusi mikubwa ambayo mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani huko Tendaguru, Lindi, kuanzia mwaka 1909, iliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Basi mijusi ile haikupata kuiona Kilimia, kwa kuwa ilikuwa bado haijazaliwa. Tena Kilimia haitadumu. Inakisiwa kwamba katika miaka milioni 250 hivi ijayo nyota zake zitakuwa zimeachana, kila moja ikishika njia yake kuizunguka galaksi. Jua letu nalo yamkini lilizaliwa katika fungu la namna hiyo, na fungu hilo limekwisha kutawanyika kitambo. Wenzake hatuwezi kuwatambua kwa urahisi.

Hiyo ndiyo kawaida. Fungunyota huzaliwa, hukaa pamoja kwa muda, kisha hutawanyika. Mengi hayafikii hata umri wa Kilimia, kwa sababu gesi iliyoyazaa inapopeperushwa na nyota zenye joto kali, mvutano uliokuwa ukiyashika hupungua ghafla. Kwa hiyo cha kushangaza si kutoweka kwa mafungu. Cha kushangaza ni yale yasiyotoweka.

Msomaji aliyeko Mpanda, Inyonga au Karema anaweza kulitazama mojawapo ya hayo kwa macho yake. Mwishoni mwa Mei, yapata saa nne ya usiku, mvua zikiwa zimekwisha na moshi wa mioto ya kiangazi haujatanda, asimame akielekea kusini. Ataiona Salibu ya Kusini, na kushoto kwake nyota mbili zing’aazo zinazoielekea. Ile iliyo karibu zaidi na Salibu ni Beta ya Kantauri. Kutoka hapo apande juu mpaka nyota ya kadiri iitwayo Epsiloni ya Kantauri, kisha aendelee kupanda kwa umbali karibu ule ule. Ataona doa dogo lenye ukungu, mfano wa nyota iliyofutwa kwa kidole. Hiyo ndiyo Omega ya Kantauri. Huko Mpanda hufika juu angani kupita nusu ya njia kutoka upeo wa macho mpaka utosini. London haichomozi kamwe. Nilimwambia mwalimu yule kwamba katika jambo hili wanafunzi wake wamebarikiwa kuliko wa London, akanijibu kuwa basi wanipatie darubini walau moja.

Historia ya jina hilo inatufaa sisi watu wa istilahi. Ptolemaio wa Iskandaria, katika karne ya pili, aliiandika katika orodha yake kama nyota. Mjerumani Johann Bayer, katika ramani yake ya mwaka 1603, aliipa herufi ya Kiyunani kama anavyopewa nyota yeyote. Mwaka 1677 Edmond Halley, akiwa katika kisiwa cha St Helena, alitambua kuwa hiyo si nyota. Leo tunajua kuwa ni fungu lenye nyota zipatazo milioni 10, lililo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 17,000. Lakini jina la nyota limebaki. Istilahi potovu ikishawahi kuzoeleka huishi kuliko dhana iliyoizaa, na sina hakika kama kijitabu changu hakitafanya vivyo hivyo.

Fungu la namna ya Omega ya Kantauri lina umbo la mviringo, nyota zimesongamana katikati na kupungua kadiri uendavyo nje. Kwa hilo napendekeza fungunyota tufe. Neno tufe halina ugeni kwa mwanafunzi yeyote wa Tanzania aliyepata kushiriki michezo ya shule, maana ndilo jina la chuma kile cha mviringo kinachorushwa kwa mkono. Fungu la namna ya Kilimia, lisilo na umbo maalumu na ambalo nyota zake zimeachana, wengine huliita fungunyota wazi. Neno wazi halinipendezi sana, kwa kuwa mtu aweza kuuliza lini litafungwa. Ningependelea fungunyota tawanyifu. Ila hilo ni suala la ladha, na wengi wakikubali wazi sitabisha.

Mafungu tufe yanayojulikana katika galaksi yetu yanazidi 150. Mengi yana umri kati ya miaka bilioni 11 na 13, na ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 13.8. Dunia yetu, pamoja na milima yake na Ziwa Tanganyika, haijatimiza hata miaka bilioni 5. Mmarekani Harlow Shapley, mwaka 1918, aliyatumia mafungu hayo kama vigingi vya mpimaji wa ardhi. Aliona kwamba hayakutapakaa sawasawa kutuzunguka bali yamekusanyika zaidi upande mmoja wa anga, akahukumu kuwa huko ndiko kiini cha galaksi kilipo, na kwamba jua letu haliko katikati.

Sasa tuje kwenye swali. Fungunyota huangamia vipi?

Njia ya kwanza hutoka ndani yake lenyewe. Nyota za fungu haziko tuli. Zinazunguka kama nyuki wa mzinga mmoja, na kila zinapopitana huvutana na kupeana mwendo. Moja hupata kasi, nyingine hupoteza. Baada ya mapitano mengi, nyota nzito huzama katikati na nyepesi husukumwa nje, na mara kwa mara moja hupata kasi ya kutosha kulikimbia fungu moja kwa moja. Mabadilishano haya ya nishati yana jina la Kiingereza ambalo, katika maongezi ya kila siku, lina maana ya kupumzika au kulegea. Nimepata kuona tafsiri iliyosema kwamba fungunyota “huhitaji mapumziko ya miaka bilioni moja”. Msomaji atadhani nyota nazo zina likizo. Dhana hapa ni ya vitu kusawazisha nishati yao kwa kugongana au kuvutana, na kwa hiyo napendekeza usawazikaji.

Kule kutoroka kwa nyota moja moja wanasayansi wamekufananisha na maji kugeuka mvuke, na neno uvukizi linafaa kabisa. Chembe za maji zenye kasi kubwa ndizo zinazoponyoka katika mtungi, zikaacha zile za polepole, na ndiyo maana maji ya mtungi huwa ya baridi. Hapo hapo, hata hivyo, mwalimu hana budi kuwaonya wanafunzi, maana mfano huu una mpaka. Mtungi ukipoteza chembe za kasi hupoa. Fungunyota likipoteza nishati kwa njia hiyo hujikunja, na likijikunja nyota zilizobaki katikati huenda mbio zaidi. Kwa maneno mengine, kadiri linavyopoteza ndivyo linavyopata “joto”, na kadiri linavyopata “joto” ndivyo linavyozidi kupoteza. Kiini chake chaweza kuporomoka kikawa kidogo sana na kusongamana mno. Kinachokizuia kisiporomoke pasipo mwisho ni nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana. Nyota ya tatu ikizipitia karibu, pacha hao hukaribiana zaidi na kuisukuma ile ya tatu kwa nguvu, na nguvu hiyo hukitanua kiini tena.

Je, uvukizi huchukua muda gani? Hutegemea idadi. Katika fungu dogo kila mapitano ya nyota mbili yana uzito. Katika fungu la mamilioni, nyota moja huvutwa na umati mzima kiasi kwamba jirani mmoja hawezi kubadili njia yake sana. Huko Kilimia usawazikaji huchukua miaka milioni mia na kitu. Katika Omega ya Kantauri, kwa fungu zima, ni miaka bilioni 10 au zaidi, karibu sawa na umri wake wote. Hapa mwalimu wa Mpanda alinipa mfano ambao sikuweza kuupata vitabuni. Katika mbuga za Katisunga na Chada, ndani ya Hifadhi ya Katavi, nyati wa kundi kubwa wanaweza kupoteza mmoja leo na mmoja kesho kwa simba, na kundi lisionekane kupungua. Wakiwa kumi, wiki chache zatosha kuwamaliza. Ila naye aliongeza upesi kwamba nyati hukaa pamoja kwa hiari na hofu, na nyota hazina hiari.

Njia ya pili ya kuangamia hutoka nje, na hapa ndipo istilahi ilipotushinda kabisa. Galaksi haivuti fungunyota lote kwa nguvu iliyo sawa. Upande wa fungu ulio karibu na kiini cha galaksi huvutwa zaidi, na upande wa mbali huvutwa kidogo. Matokeo yake ni fungu kunyoshwa, mithili ya watu watatu wanaokimbia katika mstari huku wa mbele akivutwa kwa kamba kwa nguvu kuliko wa kati, na wa kati kuliko wa nyuma: wote wanakwenda mbele, lakini nafasi baina yao inapanuka. Nguvu hiyo ndiyo mwezi unayoitumia kuyainua maji ya bahari, na kwa sababu hiyo lugha za Ulaya huiita kwa jina la maji kujaa na kupwa.

Mfasiri wa pwani atasema hakuna taabu, Kiswahili kina utajiri hapo kuliko lugha nyingi: tuna kujaa na kupwa, tuna bamvua, tuna maji mafu. Ni kweli. Lakini Mpanda iko kilomita zipatazo 900 kutoka Bahari ya Hindi. Wavuvi wa Karema wanayajua mawimbi na pepo za Ziwa Tanganyika, na wanajua kuwa ziwa hupanda na kushuka miaka na miaka. Maji yanayokwenda na kurudi mara mbili kila siku hawayaoni, kwa kuwa ziwani badiliko hilo ni dogo mno. Nilipomweleza mwalimu kwamba fungunyota huraruliwa na “nguvu ya kujaa na kupwa”, aliniuliza swali la haki: ni kitu gani kilichojaa huko angani, na kimekupwa nini? Mtoto wa Mkonongo au Mpimbwe anayejifunza Kiswahili kama lugha yake ya pili atabeba taswira ya maji pasipo kuyaona maji yenyewe, kisha ataambiwa aitumie taswira hiyo kuelewa jambo lisilo na maji.

Napendekeza, kwa hiyo, tusiifuate sitiari ya wenzetu bali tuitaje nguvu hiyo kwa kazi yake: mvutano tenganishi. Pwani mwalimu ataweza kusema kwamba mvutano tenganishi wa mwezi na jua ndio unaoleta bamvua. Bara ataanza na kamba na wakimbiaji. Kwa njia hii neno moja litafaa Mpanda na Pemba. Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni kwamba jina refu la namna hii halina uhai wa neno la watu. Pingamizi hilo lina nguvu, na silidharau.

Mvutano tenganishi ukiungana na uvukizi, fungu huangamia haraka zaidi, kwa kuwa nyota iliyokuwa ikisitasita ukingoni husombwa. Isitoshe, mafungu tawanyifu huishi katika bapa la galaksi, yaani katika ule mkanda tuuonao usiku kama Njia Nyeupe, na humo mna mawingu makubwa ya gesi, mengine yenye maada ya kutosha kuunda majua laki moja au milioni moja. Mwaka 1958 Mmarekani Lyman Spitzer alionyesha kuwa wingu la namna hiyo likipita karibu na fungu dogo hulitikisa na kulilegeza. Fungunyota tufe nalo lina mitikiso yake. Mapito yake hulipeleka juu na chini ya bapa, na kila linapolikata bapa hilo hupata mshituko. Lakini muda mwingi liko nje, mbali na mawingu.

Ndipo jibu linapopatikana. Yaliyosalia ni yale yaliyokuwa makubwa tangu awali, yaliyosongamana, na ambayo njia zake haziyapitishi mara nyingi karibu na kiini cha galaksi. Hatuna haki ya kusema kwamba zamani mafungu yote yalikuwa kama Omega ya Kantauri. Tunachokiona ni mabaki ya uteuzi mkali uliochukua miaka bilioni 12.

Nimeandika mabaki, na hapo nalo neno linahitaji uangalifu. Kiswahili kina manusura, yaani walionusurika wakiwa wazima, na kina masalia, yaani kilichoachwa baada ya kitu kuharibika. Mafungunyota tufe ni manusura. Masalia ni kitu kingine, nayo yapo angani pia. Mwaka 2001, kwa picha za mradi wa Sloan wa kupima anga, iligunduliwa kwamba fungu hafifu liitwalo Palomar 5 lina mikia miwili ya nyota, mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata. Mikia hiyo ni nyota zilizokwisha kung’olewa na mvutano tenganishi, na kwa pamoja zinazidi zile zilizobaki ndani ya fungu. Palomar 5 ni mgonjwa aliye mahututi. Bado ni nusura, lakini masalia yake yamekwisha kuonekana. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kuwa ndani yake mna mashimo meusi zaidi ya 100, na kwamba baada ya miaka bilioni moja hivi nyota zote zitakuwa zimekwenda na kubaki mashimo hayo peke yake. Mfasiri akilitumia neno moja kwa manusura na masalia, habari hii yote haisemeki. Mikia yenyewe ningependekeza iitwe michirizi ya nyota, kwa kuwa mingine tunayoiona haina tena fungu lililoiacha, na mkia pasipo mnyama ni kichekesho.

Liko jambo jingine lililojulikana katika miaka ya karibuni ambalo limeongeza uzito wa neno manusura. Si mafungu yote ya kale yaliyozaliwa katika galaksi yetu. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kustaafishwa mwaka 2025, kilipima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Na mwaka 2018 vipimo vyake vilidhihirisha kuwa miaka ipatayo bilioni 10 iliyopita galaksi yetu iliimeza galaksi nyingine ndogo. Nyota za galaksi hiyo zilichanganyika na zetu, lakini baadhi ya mafungu yake tufe yalivuka salama na hata leo yanakwenda kwa mapito yanayofanana. Kumezwa kwa galaksi nyingine, ile ya Mshale, iliyotangazwa mwaka 1994, bado kunaendelea, na katikati yake limo fungunyota tufe M54. Wengi wanadhani Omega ya Kantauri yenyewe ni kiini cha galaksi iliyomezwa, kwa kuwa nyota zake si za kizazi kimoja kama zilivyo za Kilimia. Mwaka 2024, kwa picha za darubini ya Hubble za miaka zaidi ya 20, zilitambuliwa nyota saba katikati yake zinazokwenda kasi kupita kiasi, na kasi hiyo yaelezwa vyema na shimo jeusi lenye maada ya majua yasiyopungua 8,200. Ikiwa ndivyo, lile doa la ukungu juu ya Mpanda si fungu lililonusurika tu. Ni moyo wa galaksi iliyokufa. Na istilahi fungunyota tufe haitalitosha. Lakini hilo ni tatizo la lugha zote, si la Kiswahili peke yake, na tunaweza kusubiri pamoja na wenzetu.

Kijitabu kile nimekwisha kukisahihisha, na nakala moja imepelekwa kwa mwalimu pamoja na ombi kwamba mwanafunzi wake arudishiwe alama. Katika nakala hiyo nimetumia kundinyota, fungunyota tufe, fungunyota tawanyifu, usawazikaji, uvukizi, manusura, masalia na michirizi ya nyota. Mahali pa mvutano tenganishi nimeweka neno hilo kwa muda. Maneno haya ni mapendekezo ya mwandishi, hayajasanifiwa. Walimu wa bara, hasa wale wa mikoa ya Katavi, Rukwa, Kigoma na Tabora, wanaombwa watuletee jina linalotumiwa na wanafunzi wao, au na wazee wa mahali, kwa nguvu ya kitu kuvutwa upande mmoja kuliko wa pili mpaka kikaachana. Wale wenye majina ya kienyeji ya Kilimia na ya lile doa la Kantauri nao wasisite kuyaandika, pamoja na maana zake na mahali yanaposemwa.